Trekta la nyasi likigoma, usikimbilie kipande cha waya

Na Mwandishi Wetu

UKISAFIRI kwa barabara kuu ya Thika mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imekolea, kitu kimoja hakitakuacha kuanzia Ruiru hadi Thika mjini. Nyasi! Zimejaa kandokando ya barabara, zimejaa nyuani mwa makanisa na viwanjani mwa shule, na huko Ruiru Sports Club na Thika Sports Club wachezaji wa gofu wanatafuta mipira yao kwa kupapasa.

Nyasi hizi zinazoitwa za kikuyu ni zetu wenyewe. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na leo zimepandwa Australia, Afrika Kusini na hata California, ambako bado zinaitwa kwa jina hilo hilo. Huko ng'ambo huenda zinahitaji kubembelezwa. Hapa kwetu, zipe wiki mbili za mvua tu utaona.

Mwenye ploti ndogo huzikata kwa slasha, kazi ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Lakini shule yenye ekari kumi, kilabu au shamba kubwa la kahawa huhitaji trekta dogo la kukatia nyasi. Ni lile ambalo mtu hulikalia kama dereva, visu vikizunguka chini ya tumbo lake.

Na ni wakati huu huu wa mvua ambapo trekta hilo hugoma. Limekaa bandani tangu Januari. Dereva anakalia kiti, anazungusha ufunguo, kimya. Anazungusha tena, kimya. Jumamosi ni siku ya wazazi, mwalimu mkuu ametoka ofisini mara mbili kuchungulia dirishani. Fundi anaitwa kutoka mjini. Anainama chini ya kiti, anachomoa plagi moja, anatoa kipande cha waya mfukoni na kukichomeka hapo. Ngurumo! Trekta limewaka, watu wanapiga makofi, fundi analipwa na soda juu.

Makala haya, msomaji mpendwa, yanahusu kipande hicho cha waya.

MBIO KULIKO MATATU

Alichofanya fundi huyo ni kuizunguka swichi ya usalama. Ni kama mtu aliyemkuta askari wa lango akikataa kufungua, badala ya kumwuliza sababu akabomoa ua kando yake. Gari limepita, ni kweli. Lakini kuanzia sasa kila kitu kitapita.

Ili uelewe kwa nini askari huyo aliwekwa, hebu tufanye hesabu kidogo. Wewe mwanafunzi chukua kalamu. Trekta la kawaida lenye upana wa kukata wa takriban sentimita 107 huwa na visu viwili, kila kimoja urefu wake kama sentimita 53. Kisu kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mara 50 kwa kila sekunde. Ncha yake husafiri mita 1.66 kwa kila mzunguko mmoja. Zidisha. Utapata mita 83 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 300 kwa saa.

Matatu unayopanda kutoka Githurai kwenda Thika imewekewa kidhibiti mwendo kisichoiruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, kwa kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004 wakati Bw John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi. Kisu kilicho chini ya miguu ya mkata nyasi kinakimbia zaidi ya mara tatu ya hapo. Mguu hauna la kujibu mbele ya kitu kama hicho, na jiwe dogo likipigwa nacho huruka kama risasi.

Ndiyo maana watengenezaji, na serikali zinazowasimamia, waliamua kwamba visu visizunguke bila mtu kuwa mahali pake. Marekani, kwa mfano, ilitoa sheria iliyoanza kutumika mwaka wa 1982 kuhusu mashine za kusukumwa kwa mkono. Mtu akiachilia mshikio, kisu lazima kisimame kwa sekunde tatu. Kwa trekta la kukaliwa, mshikio huo ni kiti. Ukiondoka kitini visu vikiwa vinazunguka, injini inapaswa kuzimika yenyewe.

Na si dereva peke yake anayelindwa. Mtoto anayependa kumfuata baba yake nyuma ya trekta ndiye aliye hatarini zaidi, hasa trekta likirudi nyuma. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri kwamba mtoto asiendeshe trekta la aina hii kabla ya kutimiza miaka 16, wala asipakatwe juu yake hata kwa dakika moja. Wazazi wa Kenya hupenda sana kumpakata mtoto apigwe picha. Heri picha hiyo ipigwe ufunguo ukiwa mfukoni.

ASKARI WA LANGONI

Sasa tuingie ndani ya nyaya zenyewe. Usiogope. Umeme wa trekta hili ni wa volti 12 kama wa gari, nao si mwingi wa kukuua kwa kuugusa, ingawa spana ikiangukia vichwa viwili vya betri itatoa moto wa kuchoma vidole.

Umeme hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, ukafika kwenye swichi ya ufunguo. Ukizungusha ufunguo, unatoka hapo kupitia waya mwembamba kwenda kuiamsha solenoidi. Solenoidi ni swichi nene inayoendeshwa na sumaku. Ikiamka hupiga "tak!", halafu huruhusu umeme mkubwa upite katika waya mnene hadi kwenye stata, na injini inazungushwa.

Njiani kati ya ufunguo na solenoidi ndipo walipowekwa askari. Wa kwanza yuko chini ya pedali ya breki au klachi, naye huuliza, "Umekanyaga?" Wa pili yuko kwenye mshikio au kitufe cha visu, naye huuliza, "Visu vimeachiliwa?" Wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine kama malango mawili ya mtaa mmoja. Mmoja akikataa hupiti, hata kama mwenzake amekuchekea.

Askari wa tatu yuko chini ya kiti. Katika matrekta mengi huyu hashughuliki sana na kuwasha. Kazi yake ni kuzima. Wa nne, ambaye hupatikana katika matrekta mengi ya miaka ya karibuni, yuko kwenye giya ya nyuma, naye huzima injini ukirudi nyuma visu vikiwa vinazunguka.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa hivyo tusimame kidogo. Nyumbani, ukitaka kuzima taa unakata njia ya umeme. Katika injini ndogo ya petroli mambo ni kinyume. Injini hii hujitengenezea cheche yake kwa magneto, yaani sumaku iliyo kwenye gurudumu la injini inayopita mbele ya koili. Haihitaji betri ili iendelee kunguruma. Utaizima vipi basi? Unaipa cheche njia fupi ya kukimbilia. Kuna waya mmoja mwembamba kutoka kwenye koili. Waya huo ukiguswa na chuma cha trekta, umeme wa cheche unamwagika huko na plagi inabaki bila kitu. Injini inazimika.

Kwa hivyo swichi ya kiti haikati njia. Inaunganisha. Ukiinuka na breki haijashikwa, au visu vinazunguka, swichi inaugusisha waya wa kuzima na bodi ya trekta. Ukiinuka baada ya kushika breki na kuachilia visu, matrekta mengi yatakuruhusu ushuke uokote kopo lililo mbele bila kuzima.

Kutokana na hayo kuna onyo moja ambalo fundi wa magari huweza kulisahau kwa mazoea. Usipeleke umeme wa betri kwenye waya huo wa kuzima kamwe. Utaiunguza koili, na ulichokuja kutengeneza kitakuwa kitu kingine kabisa, cha bei nyingine kabisa.

(Trekta kubwa za dizeli za viwanja vya gofu hazina cheche. Kwao swichi hizi hukata mafuta yasifike kwenye injini. Wazo ni lile lile, ila usitafute waya wa kuzima ambao haupo.)

SIKIZA KABLA YA KUFUNGUA

Fundi mzuri huanza kwa masikio. Trekta lililogoma hugoma kwa sauti yake, na kila sauti inakuonyesha chumba kimoja cha kuingia.

Likikaa kimya kabisa, bila hata tak, umeme haufiki kwenye solenoidi. Huenda betri imekufa, fyuzi imekatika, ufunguo umechakaa, au askari mmoja kati ya wawili wa mwanzo amekataa.

Likipiga "tak!" moja kisha basi, au "tak-tak-tak-tak" kama cherehani, furahi. Maana yake ni kwamba umeme umepita kwa askari wote ukafika. Waache hao! Shida iko kwenye betri iliyochoka, vichwa vya betri vyenye unga mweupe, waya mnene uliolegea au solenoidi yenyewe. Inasikitisha kuona mtu akifungua swichi zote za usalama kwa sababu ya sauti hii, ilhali angesugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya akaenda nyumbani.

Stata ikizungusha injini vizuri lakini haishiki, kwanza hakikisha petroli ipo na si ya mwaka jana. Kisha shuku waya wa kuzima. Huenda umekwaruzwa mahali ukawa unagusa chuma wakati wote.

Na likiwaka sawasawa halafu likazimika punde tu unapoingiza visu, au likawa linakohoa kila linaporuka kidundu, tazama chini ya kiti. Yeyote aliyewahi kutunza uwanja katika sehemu hizi anawajua fuko. Mnyama huyo halali. Kila asubuhi kuna vichuguu vipya vya udongo mwekundu, na trekta likivipanda dereva huruka kitini. Kama springi ya kiti imekaza mno, au dereva ni kijana mwembamba aliyetoka tu kumaliza shule, swichi humwona kama hayupo. Kuna viti ambavyo springi yake inaweza kurekebishwa kulingana na uzito wa mtu. Hapo hujanunua chochote.

KABLA HUJAGUSA

Hata hivyo, kabla ya mita na bisibisi, rudia kuwasha kwa utaratibu. Kaa kitini sawasawa. Kanyaga pedali mpaka mwisho, si nusu. Achilia visu, weka giya katika nyutro, kisha zungusha ufunguo. Usicheke. Nyasi zilizokauka hujishindilia chini ya pedali zikawa ngumu kama mkate wa juzi, pedali ikawa haifiki mahali inapoigusa swichi. Dereva anaapa kwamba amekanyaga, na kweli amekanyaga. Nyasi ndizo zilizomzuia.

Ikiwa bado, toa ufunguo, vua kofia ya plagi ya injini na uiweke mbali na plagi, shika breki, halafu anza na betri. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12.4, ichaji kwanza kabla ya kumlaumu mtu. Ikianguka chini ya 9.6 hivi wakati stata inazunguka, betri hiyo imezeeka.

Halafu fyuzi. Kwa kawaida ni moja tu, ya plastiki kama za gari. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye namba ile ile. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya unaogusa chuma, na dawa si kuifunga kwa karatasi ya sigara inayong'aa, kama wanavyofanya baadhi ya watu tunaowajua. Panya hupenda sana kulala chini ya kiti cha trekta lililoachwa tangu Januari, na wanapokosa mahindi hutafuna ngozi za nyaya.

ANZIA KATIKATI

Kifaa unachohitaji si cha gharama. Balbu ya indiketa ya gari iliyounganishwa nyaya mbili inatosha, ingawa mita ya fundi yenye waya mwekundu na mweusi ni bora zaidi.

Usianze mwisho mmoja wa saketi ukatambaa hadi mwisho wa pili. Anzia katikati. Tafuta waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi. Waya mmoja wa balbu uguse hapo, wa pili uguse chuma safi kisicho na rangi wala kutu. Mwambie ndugu yako akae kitini, akanyage pedali na kuzungusha ufunguo, nawe mikono iwe mbali na vitu vinavyozunguka.

Balbu ikiwaka, nusu nzima ya saketi umeiondoa katika mashaka. Betri, fyuzi, ufunguo na askari wote wamefanya kazi yao. Tatizo ni solenoidi, au ule waya wa ardhi unaoirudishia njia, ambao mara nyingi umefungwa kwa boliti yenye kutu. Balbu isipowaka, rudi nyuma lango moja. Pima upande ambao umeme unatokea kwenye swichi ya visu, kisha upande unaoingilia. Ukiona umeme unaingia lakini hautoki, umempata mkaidi.

Lakini usimhukumu bado. Angalia kama mshikio unaibonyeza swichi kweli. Swichi nyingi zinazotupwa ni nzima. Kibati kinachoibonyeza ndicho kilichopinda, au plagi yake imeingiwa na maji. Watunza viwanja wengine hupenda kuosha trekta kwa mpira wa maji wa nguvu mara tu baada ya kazi, injini ikiwa bado moto. Maji huingia hadi ndani ya plagi za swichi, shaba ikageuka kijani. Chomoa, kausha, sugua taratibu kwa msasa laini, paka grisi kidogo, jaribu tena.

Ukitaka kuipima swichi yenyewe, ichomoe kwenye nyaya na uipime kwa mita katika sehemu ya omu. Na hapa Kiswahili chetu kinaweza kukupotosha, kwa hivyo nisikize vizuri. Barabara ikifungwa, hakuna anayepita. Swichi ikifungwa, kwa lugha ya mafundi wa umeme, ndipo umeme unapopita! Nimeona vijana wawili wa chuo wakibishana juu ya hilo nusu saa nzima, kila mmoja akiwa sahihi kwa lugha yake. Mimi hutumia maneno "imeungana" na "imeachana", na ugomvi huisha.

Swichi iliyoungana husoma karibu na sifuri. Iliyoachana haisomi kitu. Swichi ya pedali kwa kawaida huachana ikiwa huru, ikaungana ikibonyezwa. Ya kiti aghalabu ni kinyume. Huungana mtu akiinuka, ikaachana akikaa. Nyingine zina miguu minne, maana yake ni swichi mbili ndani ya nyumba moja, na moja huungana pale mwenzake anapoachana. Bonyeza na kuachilia mara kumi. Ikibadilika kila mara, ni nzima. Ikikosa mara moja kati ya kumi, itakukosa siku ya mvua.

Waya wa kuzima nao hupimwa bila injini kuwaka, na kipimo hiki ndicho kizuri kuliko vyote kwa sababu kinawapima walinzi wa kuzima kwa pamoja. Uchomoe kwenye injini. Hakikisha kwanza kwa mita kwamba hauna umeme wa betri. Kisha pima omu kati ya upande unaotoka kwenye trekta na chuma cha bodi. Ufunguo ukiwa umezimwa, waya uwe umeungana na bodi. Ufunguo ukiwa umefunguliwa, mtu akiwa kitini na visu vimeachiliwa, uwe umeachana. Mwambie sasa ainuke bila kushika breki. Uungane. Akae tena. Uachane. Ukiona umeungana wakati mtu ameketi vizuri, tingisha nyaya chini ya kiti huku ukitazama mita. Mara nyingi itaruka mbele ya macho yako. Matrekta yenye rilei yana mambo zaidi ya hapo, na kwa hayo tafuta mchoro wa nyaya katika kitabu cha mashine.

KWA NINI WAYA HUPENDWA

Turudi kwa yule fundi wa soda. Si mtu mbaya. Amefika saa tisa alasiri, swichi aliyohitaji haipo Thika wala Ruiru, na ili aipate ni lazima apande gari hadi Nairobi, azunguke maduka ya Kirinyaga Road na Industrial Area. Mwenye trekta anataka nyasi zikatwe leo. Waya ni wa bure. Kwa hivyo anasema, "Hii itashikilia kwa sasa," na wote wanaelewa kwamba "kwa sasa" ni mpaka trekta liuzwe.

Tatizo ni kwamba fundi huondoka na siri yake. Wiki ya tatu trekta linapewa kijana wa kibarua ambaye hajui kilichofanyika. Anajua tu alivyoambiwa siku ya kwanza, kwamba ukishuka linazimika. Nyasi mbichi zinaziba mdomo wa kutolea. Anashuka kuzitoa kwa mkono, akitegemea kwamba mashine imemwona akishuka.

Mbele ya sheria, jambo hili si dogo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inakataza mtu yeyote kuchezea kimakusudi kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mfanyakazi penye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Aidha, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, pia ya 2007, inamtwika mwajiri mzigo wa fidia. Mwalimu mkuu au katibu wa kilabu anayeona kwamba swichi ni ghali ajaribu kupiga hesabu ya mguu.

Kwa wewe mwanafunzi uliye kwenye mafunzo ya nyanjani kutoka chuo cha ufundi cha Thika au JKUAT pale Juja, huenda ukaamrishwa na mtu mzima kuliko wewe, "Kijana, funga hiyo waya twende." Ni vigumu kumkatalia mzee. Njia ya adabu ni kumwambia, "Mzee, nipe dakika kumi nipime," kisha upime kwa haraka. Mara nyingi dakika kumi hizo hutosha kulipata kosa lenyewe, kwa sababu kosa lenyewe mara nyingi ni uchafu.

UKIENDA DUKANI

Ikithibitika kwamba swichi imekufa, ng'oa negativu ya betri kwanza, kisha itoe swichi na uende nayo. Usimwelezee muuzaji kwa mdomo. Kuna swichi zinazofanana kama pacha, umbo moja, rangi moja, miguu idadi ile ile, lakini moja huungana ikibonyezwa na nyingine huachana. Beba mita yako. Ipime ile mpya papo hapo juu ya kaunta, imebonyezwa na haijabonyezwa, uilinganishe na jinsi ile ya zamani ilivyopaswa kufanya kazi. Muuzaji mwenye haraka atanuna, lakini nauli ya kurudi Nairobi ni yako, si yake.

Baada ya kuifunga, rudisha kofia ya plagi, rudisha waya wa kuzima mahali pake, na utafute kila kipande cha waya kilichoachwa na mafundi waliotangulia. Fuata kila plagi kwa kidole chini ya kiti, kwenye pedali na kwenye mshikio wa visu. Usishangae ukipata viwili au vitatu, vimefungwa kwa utepe mweusi na vimeota vumbi la miaka.

Halafu jaribio la mwisho. Lipeleke trekta mahali tambarare, watoto wote na watazamaji wakae mbali. Jaribu kuliwasha bila kukanyaga pedali. Likatae. Jaribu visu vikiwa vimeingizwa. Likatae. Sasa liwashe kwa utaratibu, giya ikiwa nyutro, ingiza visu, na uachilie breki. Huku umeshika usukani, miguu ikiwa palepale juu ya trekta, inua makalio kidogo tu kutoka kitini. Usishuke. Injini inapaswa kukata pumzi mara moja na visu kuanza kusimama.

Likiendelea kunguruma, kaa chini, achilia visu, uzime kwa ufunguo na utie ufunguo huo mfukoni mwako. Andika kwenye kadi "LISIWASHWE" na uifunge kwenye usukani. Siku hiyo nyasi zitakatwa kwa slasha, na siku ya wazazi itafanyika uwanja ukiwa nusu umenyolewa, kama kichwa cha mtoto aliyemtoroka kinyozi.